Mama wa Rangi ya Moto

Alizaliwa wapi, baba yake nani, alikuja Dar kwa basi au kwa miguu, sijui na sikuwahi kumuuliza. Mimi mwenyewe nilipofika mjini waliniuliza hayo watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyenipa kazi baada ya kujibiwa. Nitakachoandika ni mtu niliyemwona kwa macho yangu, miaka na miaka, kwenye kibaraza cha fremu yangu ya duka pale Gerezani, mtaa wa vipuri. Mimi ndani nauza injini zilizotumika, yeye nje anauza rangi ya moto na kuipaka. Gerezani nzima walimwita mama wa rangi, na hata leo ukisema hivyo mafundi wa zamani wanajua unamsema nani.

Rangi ya moto ni rangi ya injini. Naieleza kwa sababu kuna watu wazima, wana magari yao, wanadhani rangi ni rangi. Chukua ya geti au ya kitanda cha chuma, ipake kwenye injini, itapendeza mpaka gari lipate moto. Hapo itatoa moshi, itavimba malengelenge, itabanduka. Ya injini imetengenezwa kuvumilia. Na yenyewe imegawanyika: kuna inayofaa mwili wa injini, na kuna ya egzosi, lile bomba linalopokea moto wenyewe unaotoka ndani, ambapo ni pakali kuliko pote. Kwa hiyo mama wa rangi hakukuuzia kopo kabla hujajibu swali lake, na swali lake halikuwa unataka rangi gani.

Kijana anakuja mbio, jasho linamtoka. "Shikamoo mama, nataka nyekundu kali."

"Marahaba. Unapaka wapi?"

"Kwenye gari, mama."

"Gari kubwa, baba. Lina mpaka viti. Unapaka wapi?"

Akikuita baba ujue umeshaanza kumchosha. Akikupenda unakuwa mwanangu, hata kama una ndevu nyeupe. Mimi aliniita mwenye fremu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na sikulalamika, maana fremu nilikuwa nayo kweli na hakunipa mtu.

Kuna dereva wa teksi, kituo chake Msimbazi, alikuja kutaka silva ya egzosi. Akaonyeshwa kopo, akasikia bei, akacheka kwa dharau. "Silva ni silva tu, mama." Akaenda Kariakoo kwa wauza vifaa vya ujenzi, akanunua silva ya mageti, akapaka egzosi yake ikang'aa kama sufuria mpya. Abiria wake wa kwanza wakawa kina mama watatu wanapeleka pilau kwenye shughuli. Hawajafika mbali moshi ukaanza kutoka kwenye boneti. Watu wa Kariakoo unawajua: mmoja akipiga kelele gari linaungua, mia wameshafika. Wengine wakatupa mchanga. Muuza juisi akaona asibaki nyuma, akamwaga ndoo yake yote ya ukwaju juu ya injini. Kina mama walishuka na sufuria zao salama, lakini ile teksi ilirudi Gerezani inasukumwa. Mama wa rangi akafungua boneti, akainama, akanusa.

"Sukari wamezidisha," akasema.

Dereva alitaka kulia. Yeye akafunga kanga kiunoni, akashinda siku nzima anaisugua ile injini kwa brashi ya waya na petroli, akatoa mchanga kila tundu, akaipaka upya kwa rangi inayostahili. Hakumtukana tena. Alikuwa na mdomo mbaya kabla ya kazi. Akishashika brashi anakuwa kama mtu mwingine, hazungumzi, hata ukimsalimia anakujibu kwa kichwa.

Kupaka kwenyewe alikuwa na taratibu zake na hakuna aliyezibadilisha. Injini inaoshwa mpaka kidole kikipita kisirudi na mafuta. Kutu inapigwa brashi, halafu msasa. Mikanda, plagi na kila tundu vinazibwa kwa gazeti na gundi ya karatasi. Halafu rangi nyepesi, inasubiriwa, nyepesi tena. Alichukia mtu anayepaka nene kama anapaka siagi kwenye mkate. Na akimaliza hakuruhusu uondoke, kwa sababu rangi hiyo haiivi kwa jua. Inaiva kwa moto wa injini yenyewe. Unawasha, inapata joto kidogo, unazima, inapoa, unawasha tena. Madereva wenye haraka zao alikuwa anawajua, kwa hiyo kabla hajaanza kazi anaomba ufunguo wa gari na kuufunga kwenye pindo la kanga. Nimeona meneja mzima, tai shingoni, amekaa kwenye tairi la mbele ya duka langu anakula mihogo, anasubiri pindo lifunguliwe.

Rangi mpya ikiletwa na wasambazaji, maandishi ya kopo hakuyaamini. Kusoma alikuwa anajua vizuri kuliko mimi, lakini alisema kopo linaandikwa na anayeliuza. Alikuwa na jiko la mkaa pale kibarazani. Anachukua kipande cha bomba chakavu, anakipaka, kinakauka, anakitupa kwenye makaa mbele ya huyo msambazaji, na wote wawili wanakaa wanatazama. Kikitoka kizima anaagiza mzigo. Kikibabuka anaokota kopo anamrudishia. "Kapakie mageti, mwanangu. Mageti nayo yanahitaji watu." Jiko la pembeni yake, lililofanana nalo kama pacha, lilikuwa la chai. Wageni walichanganya mara nyingi.

Msidhani nampamba. Alikuwa mbishi mpaka kwenye ujinga. Spreyi za makopo zilipoingia mjini, za kubonyeza, alikataa kuziuza miaka mingi, akidai hayo ni manukato, mpaka soko likamwacha nyuma na akakubali bila kuomba radhi. Nyumba yake ya Ilala, chumba na sebule, haijawahi kuona rangi ukutani tangu ijengwe. Na aliogopa magari. Alitembea kwa miguu Ilala mpaka Gerezani, asubuhi na jioni, mvua na jua, mabasi ya mwendokasi yanampita pembeni. Ukimuuliza anasema, "Nishaona yaliyomo."

Halafu kuna hili la nyeusi.

Injini zilizotumika zikitoka kwenye kontena zinakuwa chafu, zina kutu ya safari. Muuzaji anazipaka ili zivutie. Mimi nilipaka, jirani yangu alipaka, kila mtu Gerezani alipaka. Na wengi tulipenda nyeusi ya kung'aa, kwa sababu injini nyeusi inaficha. Oili ikivuja kwenye nyeusi huioni mpaka uiguse. Mama wa rangi alipoanza kunipakia za kwangu akaleta kijivu cheupe, kama majivu ya mkaa. Nikamwambia injini hizi zitaonekana kama zimepauka. Akasema kwenye kijivu, tone moja la oili likitoka, mteja analiona akiwa amesimama mlangoni. Nikamwambia ndiyo maana sikitaki. Akanitazama.

"Mwenye fremu, gari lako mwenyewe nitakupakia nyeusi, zambarau, hata ya maua. Hiyo siri yako na mkeo. Ya kuuza, kijivu."

"Na wewe mbona kichwani unapaka piko nyeusi?" nikamuuliza. Mvi alikuwa nazo nyingi na alizificha kila mwezi bila kukosa.

"Kichwa changu kikivuja oili nitakipaka kijivu."

Nilicheka mpaka nikaruhusu. Mwanzo nilipata hasara, nasema wazi. Injini zilizovuja zilibaki dukani, ikabidi nizifungue, nibadilishe sili na gasketi za kuzuia oili, ndipo ziuzike. Lakini baada ya muda wakaanza kuja watu kutoka Songea, Njombe, Masasi, wanapita maduka yote bila kugeuza shingo, wanasimama kwangu na kuuliza, "Zile za kijivu ni hapa?" Yule mama hakuwa na fremu, hakuwa na leseni ya ukutani wala kibao. Alichokuwa nacho katika mji huu ni kile kijivu. Ukikiona, unajua mtu hajakuficha kitu.

Jengo lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe naye alikuwa anaingiza makontena ya injini. Tulimwita tajiri mbele yake, nyuma yake tulimwita majina mengine. Siku moja ulishuka mzigo wake mbaya. Injini zilikuwa zimelala kwenye maji mahali fulani, nyingine bloku, ule mwili wenyewe wa injini, zimepasuka na kuunganishwa kwa weldingi. Akaja kibarazani mwenyewe, na manukato yake.

"Mama, kazi imekuja. Kontena zima ni lako. Nyeusi, ing'ae."

"Zinavuja?"

"Za zamani hizo, haziwezi kukosa jasho kidogo."

"Basi kijivu."

"Nimesema nyeusi."

"Nimesikia. Na mimi nimesema kijivu."

Tajiri akacheka, akatazama watu waliokuwa pale, kama anawaomba wacheke naye. Mafundi wawili wakacheka. Akamwambia unajua umekaa kwenye kibaraza cha nani? Mama wa rangi akanyoosha kidole kwangu bila kugeuka. Basi na mimi nikatoka nje, mkono una grisi mpaka kwenye kiwiko, nikasema kibaraza hiki kimekodiwa na mimi pamoja na fremu.

"Mkataba wako unaisha, mzee."

"Unaisha. Haujaisha."

Ulipoisha hakuuongeza. Alisema fremu anaihitaji yeye. Watu wengi walinifuata kunishauri niende nikamwangukie, nimwondoe yule mama, mambo yaishe. Wengine ni ndugu zangu wa damu. Niliwajibu kwamba kuanguka nilianguka utotoni nikiwa najifunza kutembea, nikamaliza. Nilihamisha injini zangu kwa mkokoteni mpaka Ilala, kwenye uwanja mdogo nyuma ya gereji, na ndipo nilipo mpaka leo. Mama wa rangi alinifuata huko, akapaka kwa muda, lakini kifua kilikuwa kimeshamchoka. Tina ya kuyeyushia rangi na moshi wa miaka yote ile vilikuwa vimemkaa. Alikuwa akipumua unasikia kama kuna ndege mdogo ndani. Daktari akamwambia rangi basi, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatii mtu. Akakaa nyumbani kwake, kwenye zile kuta zisizo na rangi.

Mwaka huu nikapita Gerezani kutafuta sili. Nikasimama mbele ya fremu yangu ya zamani nisiamini. Injini zimepangwa kuanzia mlangoni mpaka ukutani, zote kijivu. Kijivu kilekile. Nikashika moja, nikakwaruza kwa ukucha, nikanusa. Rangi ya geti. Na winga wa duka, hawa vijana wanaokamata wateja barabarani, anawaambia watu kwa sauti kubwa kwamba hizi zimepakwa na mama wa rangi.

Niliondoka pale nikaenda moja kwa moja kwake. Nilimkuta mlangoni, nywele nyeusi kama kawaida, anachambua mchele. Nikamweleza. Nilidhani ataumia, nikawa natafuta maneno ya kumpoza. Aliendelea kuchambua.

"Wanapaka kwa rangi gani?"

"Ya geti."

"Mpaka kwenye egzosi?"

"Mpaka kwenye egzosi."

Akaweka ungo chini. "Nipe huo mtandio."

Tukaenda kwa miguu. Nilimwomba tuchukue bajaji, akanitazama kama nimemtukana. Kila baada ya kipande alisimama, ameshika ukuta wa watu, ndege yule analia kifuani, halafu tunaendelea. Wabeba mizigo walitupigia kelele tupishe, akawapisha kwa wakati wake.

Tulipofika, winga alikuwa ameshamkamata mteja, dereva mmoja mtu mzima kutoka Njombe, koti mkononi, anaizunguka injini ya dizeli ya basi dogo. Basi lake lilikuwa limesimama kijijini, na yeye na familia walikula kwa basi hilo. Hayo alikuwa anayasema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeomba asidanganywe.

"Kaka, hii tulia nayo," winga anamwambia. "Kijivu hicho hukioni? Kazi ya mama wa rangi hiyo."

"Nimemsikia hata kwetu," dereva akasema. "Yuko wapi mwenyewe?"

"Alishafariki, kaka. Hii ndiyo kazi yake ya mwisho mwisho."

Mama wa rangi akasogea. "Alizikwa wapi?"

"Bibi, samahani, tupo kwenye biashara."

"Nauliza tu, mwanangu. Alizikwa wapi? Mbona mimi sikuitwa?"

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na fundi mzee chini ya lori, miguu tu inaonekana. Aliisikia ile sauti, akatoka mzima mzima, mikono ina oili. "Shikamoo mama wa rangi!" alipiga kelele. Wengine wakageuka. "Mama wa rangi huyo!" Kwa dakika chache tu pale mbele palijaa mafundi, wauza vipuri, mkokoteni umeachwa katikati ya njia na daladala zinapiga honi nyuma yake. Aliitikia marahaba mpaka pumzi ikakata. Winga alikuwa amegeuka rangi kuliko zile injini.

"Hii sikuipaka mimi," mama wa rangi akamwambia dereva. "Inaweza kuwa nzima. Sijui. Iwashwe ipate moto, tutajua."

Tajiri akatoka ndani. Alikuwa amenenepa. "Mama! Karibu sana. Ingia ndani upate chai."

"Chai nitakunywa hapahapa. Iwashe."

"Hapa hatuwashi injini, mama. Betri yenyewe hatuna."

Dereva wa Njombe akavaa koti lake. "Isipowashwa sinunui," akasema, na kwenye umati mtu akaongeza kwamba hata yeye hanunui, na mwingine akasema betri zimejaa Gerezani kuliko mbu. Nikavuka barabara. Fundi mzee aliivua betri ya lile lori, akataka kunipa watu wanibebee. Nikakataa. Niliiweka begani mwenyewe, mgongo huu huu mnaosema umezeeka, nikaifikisha. Dizeli ikaletwa kwenye dumu, maji yakawekwa, nyaya zikafungwa. Mama wa rangi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anapuliza kikombe cha chai, injini hata haitazami.

Ikawaka. Sauti haikuwa mbaya, na tajiri akapata nguvu, akawa anaongea na watu, anawagusa mabega. Tukasubiri. Kwanza ikaja harufu, ile ya plastiki inayoungua, na walio mbele wakaziba pua. Halafu rangi ya egzosi ikaanza kugeuka manjano, ikawa kahawia, ikavimba. Lengelenge moja likapasuka, na moshi ukapanda. Kwenye ubavu wa bloku kijivu kikajikunja kama karatasi, na chini yake ukatokea mstari wa weldingi umepakwa gundi nyeusi, na kwenye ile gundi oili ikaanza kushuka, taratibu, kwenye kijivu kilichobaki, kila mtu anaiona. Dereva wa Njombe alirudi nyuma hatua, akashika mfuko wa koti lake kwa mikono miwili.

Moshi ulimfuata mama wa rangi pale alipokaa. Alikohoa vibaya, akainama mpaka chai ikamwagika. Nikamshika mkono asogee, akautoa.

"Zima hiyo!" tajiri akamfokea winga. "Zima!"

Winga akainama kwenye nyaya. Mama wa rangi akanyanyuka kwenye ndoo, machozi ya moshi yanamtoka, akasimama kati ya yule kijana na betri.

"Iache," akasema. "Bado haijapata moto."